Flashi Ikigoma Kuchomwa: Tafuta Kosa Lilipo Kabla ya Kuitupa

Kwenye meza yangu ya kazi hapa Mwembe Tayari, Mombasa, kuna kopo la maziwa ya unga lililojaa flashi za wateja. Kila moja iliachwa kwa maneno yaleyale: "Fundi, hii ishakufa, kaa nayo tu." Nyingi hazijafa. Mwenyewe alijaribu kuchoma faili la ISO (faili moja lililobeba mfumo mzima wa kusakinisha) la Ubuntu au Debian, ambazo ni aina za Linux, kompyuta ikamjibu sentensi moja ya Kiingereza, naye akaishika sentensi ile kama ilivyo. Kumbe sentensi kama "No space left on device" huja kwa sababu tatu zisizo na undugu, na ni moja tu kati ya hizo inayosema kwamba flashi ni ndogo.

Mwongozo huu ni wa anayechoma moja kwa moja, yaani baiti za faili zinamiminwa kwenye flashi kuanzia sekta ya kwanza, bila kujali folda zilizokuwamo. Nitatumia Linux na amri ya dd, inayonakili baiti kama zilivyo, maana hapo ndipo kompyuta inaposema mengi zaidi. Wa Windows na Mac nitawapitia njiani. Na ijulikane mapema kwamba ukichoma namna hii, kila kilichomo kinaondoka. Picha za harusi zihamishe kwanza.

1. Jua flashi yako inaitwaje leo

Nasema "leo" makusudi, maana jina hilo si la kudumu. Kabla ya kuchomeka flashi, andika kwenye dirisha la amri:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN,MOUNTPOINT

Chomeka flashi, subiri sekunde tano, rudia amri ileile. Kilichoongezeka ndicho chenyewe. Tazama ukubwa wake, na kwenye safu ya TRAN uone neno usb.

Kwenye kompyuta za zamani diski ya ndani huwa /dev/sda, na flashi huja kama /dev/sdb. Maelekezo mengi mtandaoni yaliandikwa na watu wenye mashine za aina hiyo. Laptopu za siku hizi zenye diski ya NVMe huiita diski yao /dev/nvme0n1, kwa hiyo flashi ndiyo inayoitwa /dev/sda. Na mashine yenye diski mbili za SATA hubeba sda na sdb zote mbili kabla hujachomeka chochote.

Hili nalijua kwa machungu. Mwalimu mmoja wa madrasa kutoka Kisauni aliniletea kompyuta ya mezani, nami nikanakili amri kutoka kwenye daftari langu bila kuangalia. Kwake yeye sdb ilikuwa diski ya pili, yenye hesabu za ada na barua za wazazi. Niligutuka baada ya kama sekunde nne, nikabonyeza Ctrl na C. Nilikuwa nimechelewa, jedwali la sehemu za diski lilishafutika. Usiku ule nililala dukani na TestDisk, programu ya kuokoa data iliyopotea. Mengi yalirudi, mengine nilimwomba radhi. Tangu siku hiyo daftari langu linaandika /dev/sdX, na X haiandiki kwenye diski ya mtu yeyote mpaka niibadilishe kwa mkono. Hapa pia nitaandika sdX. Weka herufi yako.

Angalia na hili: unaandika kwa /dev/sdX, siyo /dev/sdX1. Namba ya mwisho ni chumba kimoja ndani ya nyumba. Wewe unataka nyumba nzima.

2. Kagua faili kabla ya kuilaumu flashi

Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua nchi kavu hapahapa Mombasa mwaka 2009, lakini bando likikuishia faili likiwa katikati, bahari haikusaidii. Unabaki na ISO nusu yenye jina kamili. Kwa hiyo:

sha256sum faili.iso

Linganisha msururu huo wa herufi na ule ulioandikwa na waliolitoa faili. Herufi moja ikitofautiana, lipakue upya.

Ukiona jina linaishia na .xz, .gz au .zip, hilo bado limefungwa. Mafaili ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, mara nyingi huja hivyo. Ukilichoma likiwa limefungwa, dd haitalalamika hata kidogo, ila kifaa hakitawaka. Lifungue ukiwa unachoma (neno sudo huipa amri ruhusa ya msimamizi):

xzcat faili.img.xz | sudo dd of=/dev/sdX bs=4M conv=fsync status=progress

Na ISO ya Windows usiichome kwa dd kabisa. ISO za Linux nyingi zimetengenezwa ziwake kutoka kwenye DVD na kwenye flashi pia. Ile ya Windows haikutengenezwa hivyo. Itumie kwa programu za Rufus au Ventoy. Vijana wengi wa vyuo hunijia na shida hii, wameichoma mara tatu, wamebadilisha flashi mbili, na flashi zote ni nzima.

3. Amri yenyewe

Kwanza ondoa flashi kwenye matumizi. Kompyuta nyingi huifungua yenyewe mara tu unapoichomeka:

sudo umount /dev/sdX?*

Kisha:

sudo dd if=faili.iso of=/dev/sdX bs=4M conv=fsync status=progress

bs=4M inaiambia dd ibebe megabaiti nne kwa kila safari. Ukiiacha, hubeba baiti 512 tu kwa safari, kama mtu anayejaza pipa kwa kijiko. conv=fsync inaikataza kusema imemaliza kabla data haijafika kwenye flashi yenyewe.

Hiyo ya mwisho ina kisa kirefu. Linux hupokea data yako, huiweka kwanza kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, halafu huipeleka kwenye flashi taratibu. Bila fsync, dd inaweza kukwambia "nimemaliza" ndani ya sekunde ishirini huku gigabaiti mbili bado ziko njiani. Mtu anachomoa, anaenda kwa rafiki yake Tudor, flashi haiwaki. Ukiiweka fsync, utaona mwendo wa kasi mwanzoni, kisha kila kitu kinasimama kimya dakika kadhaa. Usiikate. Haijakwama, inamalizia. Ukitaka kuona kwa macho yako, fungua dirisha jingine la amri:

watch grep -e Dirty -e Writeback /proc/meminfo

Namba hizo zikishuka karibu na sifuri, kazi inakaribia kwisha. USB 2.0 imeandikiwa megabiti 480 kwa sekunde, lakini hiyo ni barabara tu. Flashi za bei nafuu huandika megabaiti chache kwa sekunde, na ISO ya gigabaiti tano inaweza kukutosha kunywa kahawa chungu na kashata zake.

4. Sasa makosa

"Permission denied". Mara nyingi umesahau sudo. Lakini kuna umbo moja linalowazunguka hata wazoefu:

sudo cat faili.iso > /dev/sdX

Hapa sudo imepewa cat, ila alama ya > inafunguliwa na wewe mwenyewe, mtu wa kawaida, na wewe huna ruhusa. Tumia dd kama nilivyoonyesha. Kwenye Windows, fungua programu ya kuchomea kama msimamizi, funga madirisha yote yanayoonyesha flashi, na uangalie kama programu ya kukinga virusi ndiyo inayozuia. Kwenye Mac, "Operation not permitted" humaanisha Terminal haijapewa ruhusa kwenye mipangilio ya faragha.

"Device or resource busy". Kuna kitu kimeishikilia. Kwenye Mac tumia diskutil unmountDisk /dev/diskN, halafu andika kwa /dev/rdiskN, yenye r, maana ndiyo ya kasi. Kwenye Linux, sudo lsof /dev/sdX* itakutajia aliyeishika. Tena dd kwenye Linux mara nyingi hata haikatai kuandika juu ya flashi inayotumika, na hilo ni baya zaidi, maana mnakuwa waandishi wawili kwenye ukurasa mmoja. Usiiruke umount kwa sababu eti hakuna aliyelalamika.

"No medium found". Tazama lsblk. Ukubwa ukiwa 0B, pengine umeshika tundu tupu la kadi ya kumbukumbu, maana laptopu nyingi huliorodhesha kama diski. Au ulibonyeza kitufe cha kuitoa flashi badala ya kuitenganisha tu. Ichomoe uichomeke tena. Ikiwa ni flashi yenyewe na bado inaonyesha 0B kwenye kompyuta mbili tofauti, basi chipu inayoiongoza imepoteza njia. Hiyo kweli iende kwenye kopo.

"No space left on device". Hapa tukae kidogo.

Sababu ya kwanza ni ile ya wazi, faili ni kubwa kuliko flashi. Lakini usipime kwa macho. Flashi iliyoandikwa GB 8 ina baiti kama bilioni nane, na kompyuta inayohesabu kwa 1024 huionyesha kuwa 7.45 tu. Tena flashi mbili za GB 8 za makampuni mawili hazilingani kamili. Ukinakili nzima ya kwanza kisha uimimine kwenye ya pili, unaweza kukwama zikiwa zimebaki megabaiti chache. Pima kwa baiti:

stat -c %s faili.iso
sudo blockdev --getsize64 /dev/sdX

Sababu ya pili: umeandika kwa sdX1. Flashi iliyowahi kuchomwa ISO ya Linux huwa na visehemu vidogo vya megabaiti chache ndani yake. Umemimina ndoo kwenye kikombe.

Ya tatu ndiyo inayowachanganya watu, nayo hutokea mtu akiandika jina la kifaa ambacho hakipo. Tuseme flashi ilikuwa sdb, ukaichomoa na kuichomeka haraka, safari hii ikaja kama sdc. Wewe umebonyeza kishale cha juu na kurudia amri ya zamani. Linux haisemi "sdb haipo". Kwa kuwa wewe ni msimamizi, inakutengenezea faili jipya la kawaida linaloitwa /dev/sdb, na folda ya /dev huishi ndani ya RAM. Unaona dd inakimbia gigabaiti moja na zaidi kwa sekunde, unafurahi, kisha inakata: hakuna nafasi. Iliyojaa ni sehemu ya RAM iliyotengewa folda ile. Flashi haijaguswa.

Ujanja wa kuligundua ni herufi moja:

ls -l /dev/sdb

Mstari ukianza na b, kama brw-rw----, hicho ni kifaa cha kweli. Ukianza na kistari, kama -rw-r--r--, hilo ni faili lako la bandia. Lifute kwa sudo rm /dev/sdb, lakini iwapo tu umeona kistari hicho. Chomoa flashi, ichomeke, anza hatua ya kwanza upya. Kijana aliyenijia wiki jana kutoka Mtwapa alikuwa na hili, na alishanunua flashi ya pili kubwa mara mbili. Ikampa kosa lilelile, kwa ukubwa uleule. Hapo ndipo alipoanza kushuku kwamba flashi haina hatia.

Kuna wakati sentensi hii ni habari njema. Ukiifuta flashi kwa dd if=/dev/zero, lazima iishie na "No space left", maana sifuri haziishi na flashi imejaa yote.

"Read-only file system". Jina linapotosha, hapa hakuna mfumo wa mafaili unaohusika. Kama ni kadi ya SD kwenye adapta, kagua kile kiswichi kidogo cha ubavuni. Kisha:

sudo dmesg | grep -i "write protect"

Amri ya dmesg huonyesha ujumbe wa ndani wa Linux. Ikisema "Write Protect is on", ni flashi yenyewe inayodai imefungwa. Jaribu mara moja sudo hdparm -r0 /dev/sdX, au kwenye Windows, ndani ya programu ya diskpart, attributes disk clear readonly. Ikikataa kwenye kompyuta mbili, kubali. Chipu za flashi zikiona kumbukumbu inachakaa, nyingi hujifunga zisiandikike tena ili ulichonacho kisomeke. Nakili vitu vyako ukiwa bado unaweza. Na usilipie programu inayokuahidi kuifungua. Pesa hiyo inanunua flashi nyingine.

"Input/output error". Kosa hili ndilo linalojaza kopo langu, na ndilo ambalo hali ya hewa ya hapa kwetu ina mkono wake. Usianze na dd. Fungua dirisha la pili, andika sudo dmesg -w, uache liendelee, kisha uchome tena ukiwa unatazama.

Ukiona "reset high-speed USB device" ikijirudia, au "error -71", mazungumzo kati ya kompyuta na flashi yanakatika. Hilo ni suala la waya, tundu au miguso. Ukiona "I/O error, dev sdX, sector" na namba, iandike kwenye karatasi. Choma tena. Namba ikiwa ileile au karibu nayo, kumbukumbu ya flashi ina donda mahali pale. Namba ikirukaruka kila safari, rudi kwenye suala la waya.

Sasa chukua tochi ya simu uchungulie ndani ya ncha ya flashi. Vile vipande vinne vya rangi ya dhahabu viwe vinang'aa. Nimewahi kupokea flashi ya mama mmoja muuza samaki wa Likoni, ilikaa kwenye pochi pamoja na sarafu, vipande viwili vilikuwa na ukungu wa kijani kama ganda la chungwa bichi. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na shaba haivumilii. Pamba ya masikioni iliyochovywa spiriti kidogo, nikasugua taratibu, nikaacha dakika kumi ikauke. Ilichomwa mara ya kwanza bila kukohoa. Fanya vivyo hivyo kwa tundu la kompyuta, ikiwa imezimwa na kutolewa chaji.

Kama miguso ni safi, badilisha tundu. Kwenye kompyuta ya mezani tumia la nyuma, lililounganika moja kwa moja na bodi. Yale ya mbele hupita kwenye waya mwembamba. Ondoa kigawanyo cha USB, hasa kisicho na umeme wake: tundu la USB 2.0 limeahidi miliampea 500, la USB 3.0 900, na ukiweka kipanya, modemu na flashi kwenye kigawanyo kimoja wanagombania hizohizo. Flashi nyingine hugoma kwenye tundu la bluu na kukubali lile jeusi la USB 2.0. Polepole, lakini inafika.

5. Flashi ya uongo

Ikiwa dd inamaliza salama lakini faili likisomwa limeharibika, au inakufa kila mara ikipita kiasi fulani, shuku kwamba flashi inadanganya umri wake. Chipu yake imepangwa iseme "mimi ni terabaiti mbili" huku kumbukumbu ya kweli ni gigabaiti chache. Ukipita hapo, data mpya inaandikwa juu ya ya zamani au inatupwa hewani, na flashi inajibu "sawa". Ukikuta terabaiti mbili kwa bei ya sahani ya pilau kwa mchuuzi wa barabarani, ushajibiwa.

Pima kwa programu ya f3, iliyomo kwenye hazina za Ubuntu na Debian. Itafuta kila kitu:

sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdX

Ikigundua uongo itakuonyesha ukubwa wa kweli, na itakupa pia amri ya f3fix ya kuibana flashi isipite hapo. Mimi huibana na kuiandika ukubwa wa kweli kwa kalamu ya wino mzito. Kwenye Windows tumia H2testw.

6. Hakikisha, halafu ndiyo umpe mwenyewe

Chomoa flashi na uichomeke tena. Ukiruka hili, kompyuta inaweza kukusomea nakala iliyobaki kwenye RAM na kukwambia mambo yote mazuri. Kisha:

sudo cmp -n $(stat -c %s faili.iso) faili.iso /dev/sdX

Ikikaa kimya na kurudisha mshale, kila baiti imelingana. Fanya hivi kabla flashi haijaguswa na Windows au Mac, kwa sababu huziandikia flashi vifaili vyao vya siri bila kuuliza, na utaona tofauti isiyokuhusu.

7. Kuirudisha iwe flashi ya kawaida

Baada ya kuchoma ISO ya Linux, Windows huenda ikasema flashi inahitaji kufomatiwa, au ikaonyesha megabaiti nne kwenye flashi ya GB 16. Haijaharibika. Windows haisomi tu kilichomo. Kama bado unaihitaji kusakinishia, bonyeza hapana. Ukishamaliza nayo:

sudo umount /dev/sdX?*
sudo wipefs -a /dev/sdX
sudo parted -s /dev/sdX mklabel msdos mkpart primary fat32 1MiB 100%
sudo mkfs.vfat -F 32 -n KAZI /dev/sdX1

Hapa, na hapa tu, ndipo unapoandika sdX1. FAT32, yaani mpangilio wa mafaili tuliouweka hapa, husomwa na kila kitu, hata redio ya matatu, ila haipokei faili moja la kufika gigabaiti nne. Wa filamu kubwa atumie exFAT.

Kwenye Windows, fungua diskpart kama msimamizi, andika list disk, tafuta flashi yako kwa ukubwa, select disk na namba yake, kisha clean. Andika list disk tena kabla ya hiyo clean, uone kinyota kimekaa mbele ya diski gani. diskpart haiulizi "una hakika?", na usiku wa TestDisk ni mrefu.